Upande wa Kushoto wa Shangazi

4 Oktoba

Mvua imeanza leo, na mama mkwe amefika nayo. Ana sanduku moja, mwavuli mmoja, na saa ya ukutani aliyoizungushia taulo, kwa sababu anasema saa za nyumba za watu ni za uongo. Atakaa hapa mpaka mvua ziishe na paa lake liezekwe upya. Mume wangu yuko mbali kwenye ujenzi wa daraja, hatarudi kabla ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo tumebaki wawili, yeye na mimi, na kuta zinazopitisha kila neno.

Nampenda mama. Naliandika hili mapema ili nije nijisomee siku litakapohitajika.

6 Oktoba

Alikuja mzee mmoja, mtunzaji katika bustani ya wanyama. Anastaafu tarehe 15 Desemba. Anataka picha ya chui jike aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa kwenye kofia, miaka kumi na tisa sasa. Pale bustanini wote wanamwita Shangazi, kwa sababu hamtazami mtu usoni kabla hajaletewa chake.

Alileta bahasha ya picha, akachomoa moja akaiweka mezani. Shangazi amelala juu ya gogo, ubavu wa kushoto ndio unaoonekana, kichwa kinatazama kushoto, na sikio la kushoto limechanika ncha. "Hilo nililishona mwenyewe," akasema. "Daktari alikuwa likizo. Nyuzi tatu."

"Nisifanye ubavu wa pili, mzee? Pale mwanga ni mzuri zaidi."

"Fanya huu. Huu ndio upande wake." Kisha akaikunja na kuikunjua kofia yake. "Amezeeka sana, fundi. Meno yamekwisha, nyama tunamsagia. Mimi nikitoka pale sitaruhusiwa kumwona kila asubuhi. Nataka niondoke naye."

Wateja wengine wanataka simba, simba yeyote. Huyu anamtaka Shangazi, na anamjua doa kwa doa.

7 Oktoba

Wakati wa chai mama aliuliza kazi yangu ni nini hasa. Mume wangu amekuwa akimwambia miaka yote kwamba "nachora chora." Nikamweleza: ubao umepakwa udongo mweupe laini, juu ya udongo umepakwa wino mweusi. Mimi nakwangua wino kwa ncha ya kisu, unyoya mmoja mmoja, mpaka mnyama atokeze.

"Kwa hiyo huchori," akasema. "Unatoa."

"Ndiyo, mama."

"Na ukitoa kisichotakiwa?"

"Hakirudi. Unaweza kupaka wino upya padogo tu, na mwanga ukipiga kwa pembeni panaonekana."

Akanywa chai yake taratibu. Nikajuta kumweleza.

9 Oktoba

Mvua.

11 Oktoba

Leo mama ameingia chumba cha kazi. Sikumkaribisha, wala sikumzuia, mkwe humzuii. Alisimama katikati ya chumba akatazama: visu ndani ya kikombe cha chai pamoja na kijiko chake, picha za mbwa wa mteja wa mwaka juzi chini ya sahani, vumbi jeusi kila mahali, na mbao mbili kubwa zimeegemezwa ukutani nyuma ya kabati. Mbao hizo niliziagiza mbali, zikachukua miezi minne kufika. Moja ni ya Shangazi. Nyingine ni ya akiba, na akiba kwangu mimi ndiyo usingizi.

Akachukua kisu kimoja kwenye kikombe, akakigeuza kwenye mwanga. Mama alikuwa sista wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa daktari vyombo, na kuvihesabu kabla na baada, ili kisibaki kitu tumboni mwa mtu.

"Namba kumi na moja," akasema. "Hivi tulikuwa tunapasulia majipu. Unavyo vingapi?"

"Sijui, mama."

Akavuta kiti akakaa, kana kwamba nimemwambia sijui nina watoto wangapi.

14 Oktoba

Sina tena kikombe. Nina trei iliyotandikwa kitambaa, na juu ya kitambaa mama amechora kwa kalamu umbo la kila chombo, ili kikikosekana mahali pake paonekane wazi. Picha ziko kwenye bahasha zenye majina. Saa mbili asubuhi tunahesabu, saa kumi na moja jioni tunahesabu tena. Yeye anasema, "Visu tisa." Mimi najibu, "Tisa." "Sindano nne." "Nne." "Brashi mbili." Nisipojibu anarudia.

Na anazungumza. Ee, mama anazungumza! Habari za bomba, za ukuta, za vidole vyangu vyenye mafuta, za namna ninavyokaa. Nimepata dawa. Nasema "Ndiyo, mama," na akili yangu inaendelea na safari zake. Heshima imetimia na kazi haisimami.

18 Oktoba

Giza mchana kutwa, umeme umekatika mara tatu. Nilimnakili Shangazi kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, nikapaka chaki nyuma, nikailaza juu ya ubao na kupitisha kalamu. Umbo limeshika vizuri. Mama alisimama nyuma yangu akasema kitu kuhusu dirisha na mlango. Nadhani anataka meza ihamishwe. Ndiyo, mama.

22 Oktoba

Nimeanza. Pua.

23 Oktoba

Pua bado.

26 Oktoba

Unyevu umeingia kwenye udongo. Kisu badala ya kukwangua kinachimba, kinanyofoa vipande kama mtu anayemenya kiazi kwa hasira. Nimeacha. Mama amepiga marufuku kuchemsha chochote chumba cha jirani mchana, kwa hiyo chai tunakunywa alfajiri, na baada ya hapo ni maji ya baridi mpaka jioni. Leo alizungumza muda mrefu kuhusu ule ukuta wa nyuma, unatoka jasho, sijui nini kihamishwe. Ndiyo, mama.

29 Oktoba

Sikio. Ule mpasuko wa ncha ni mgumu kuliko uso mzima.

31 Oktoba

Mume wangu alipiga simu, kama kila Jumapili. "Mnaelewanaje?" Nikasema tunaelewana sana. Mama alikuwa mita mbili kutoka kwangu, anahesabu sindano.

3 Novemba

Sikio limekwisha, siku tano. Shavu limeanza. Nikiondoka mezani naona madoa hata kwenye mkate.

5 Novemba

Ubao wa akiba haupo.

Niliinama nyuma ya kabati kuutazama tu, kwa kuwa nikiutazama natulia, nikakuta ukuta mtupu umelowa. Nimepekua chumba chote. Nilitaka kumwuliza mama, na swali likafika hadi kwenye meno. Ningemwuliza vipi? "Mama, umetupa ubao wangu?" Mtu anayenipangia, anayenifulia mpaka vitambaa vya kufutia vumbi? Wiki iliyopita alikuwa akigawa makaratasi na mbao za zamani kwa jirani anayejenga banda la kuku. Nina hakika umekwenda huko. Kuna kuku mahali amelalia miezi yangu minne.

Sasa ninao mmoja tu. Mkono wangu umejua, kwa sababu leo nimekwangua mistari sita nikaacha.

7 Novemba

Nimefanya jambo baya.

Mume wangu alipopiga simu nilitoka nayo hadi jikoni, nikamwaga yote. Nikasema mama yake amenipotezea ubao, na chumba si changu tena, na nahesabiwa kama mfungwa asubuhi na jioni. Nikasema, "Kila kitu kina mahali pake isipokuwa mimi." Nilijiona nimesema vizuri. Nikageuka, mama amesimama mlangoni na trei ya vikombe.

Akasema, "Samahani, nilikuja kuosha." Akaviosha.

8 Novemba

Saa mbili ilifika. Mama hakuja kuhesabu.

9 Novemba

Hakuja. Nimefanya kazi kutwa bila sauti ya mtu. Si ndiyo niliyoitaka? Bega lote limekwisha.

11 Novemba

Kimya. Anapika, anakula, ananiuliza kama chumvi inatosha. Nasikia saa yake ya ukutani kutoka chumbani kwake. Leo nilijihesabia visu mwenyewe: nane. Nikahesabu tena: nane. Cha tisa nilikuja kukikuta kwenye nywele zangu, nilikuwa nimekichomeka humo kama kalamu.

13 Novemba

Ubavu wa mbele. Mvua haijakoma kwa siku nne. Nimehesabu kwamba zimebaki siku thelathini na mbili, na kazi imefika robo tatu. Nafika, nikiwa makini. Kila usiku naota nimempigia chafya Shangazi.

16 Novemba

Nitaandika polepole.

Asubuhi hakukuwa na mvua, nikaona niende bustanini kumtazama Shangazi macho. Macho na masharubu huwa nayaacha mwisho, na kwa hayo picha ya karatasi hainitoshi. Mzee alinipitisha mlango wa nyuma. Shangazi alikuwa kwenye gogo lake, amekonda, mifupa ya mabega imejitokeza. Mzee akamwita kwa sauti ya chini, naye akainua kichwa. Nikatoa daftari nikaanza kuchora jicho, na kwa robo saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikataka kuliweka sikio, nipate kipimo cha umbali kutoka kwenye jicho. Mkono ukaenda kulia. Sikio lile nimelikwangua siku tano, mkono unalijua. Lakini macho yangu yaliliona kushoto. Nikafuta, nikaanza tena, mkono ukaenda tena kulia. Nikadhani ni uchovu. Nikaitoa ile picha kwenye mkoba. Shangazi wa kwenye picha anatazama kushoto. Shangazi wa kwenye gogo anatazama kushoto. Sikio lililochanika ni la kushoto, liko huku kwangu.

Wa kwangu, mezani, anatazama kulia.

Ile karatasi ya kunakilia inaonyesha mchoro pande zote mbili. Ukiilaza uso chini mgongo juu, mistari ni ile ile na mnyama ni yule yule, ila kushoto kwake kumekuwa kulia. Ndiyo maana mwanafunzi wa wiki ya kwanza hufundishwa kuandika herufi moja kwenye kona ya karatasi kabla ya kuiinua, na herufi ikisomeka kinyume, anajua amekosea. Mimi nina miaka kumi na sita kwenye kazi hii. Niliona herufi ni mambo ya wanafunzi.

"Vipi, fundi?" mzee akauliza. "Umeumwa na mdudu?"

Nikasema jua limenichoma macho. Jua lenyewe halikuwapo.

Sikumbuki njia ya kurudi. Nilisimama mbele ya ubao na viatu vyenye matope, nikauona. Siku ishirini na tano za kazi. Manyoya yamekaa vizuri, shavu lina pumzi, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na si yeye. Madoa ya kushoto yamekaa kulia, na sikio zima limechanika, na lililochanika limekuwa zima. Nikakaa sakafuni.

Mama aliingia bila kubisha. Siku tisa hakuwa ameingia.

"Nini?"

"Nimemgeuza, mama. Nimemgeuza mnyama wa watu."

Akachukua picha, akaiweka kando ya ubao, akatazama hii na ile. "Nilikuambia," akasema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. "Siku ile ya umeme kukatika. Nilikuambia, kwenye picha anatazama dirishani, kwako anatazama mlangoni."

Nikaleta daftari hili, nikatafuta tarehe 18 Oktoba. Mwandiko wangu mwenyewe. *Nadhani anataka meza ihamishwe.* Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ilikuwa aibu ya mbele za watu. Hii ilikuwa ya mbele za maandishi yangu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilingoja aseme hivyo, maana ilikuwa haki yake. Hakusema.

"Na ubao mwingine sina," nikasema, na hata katika hali ile nilitaka lile neno limchome kidogo. Mungu anisamehe.

"Uko chini ya godoro langu."

"Chini ya godoro, mama?"

"Ukuta ulikuwa unaulowesha. Nimeufunga kwa shuka mbili, umelala bapa, mkavu. Nilikuambia siku ile ile niliyouhamisha. Ukasema, ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hukusema ile Jumapili? Uliponisikia kwenye simu?"

"Ulikuwa unazungumza na mumeo," akasema. "Siingilii maneno ya mke na mume."

17 Novemba

Nilimpigia mume wangu kabla hajaingia kazini. Alinisikiliza, kisha akasema, "Chui ni chui. Nani atajua?" Alisema kwa kunionea huruma. Lakini lile neno limeingia kichwani na kukaa. Chui ni chui. Siku ishirini na nane. Nikipaka wino kwenye ncha ya sikio tu, nikaikwangua upya bila lile pengo, nikamwambia mzee nimeona nimgeuze kwa ajili ya mwanga? Nilifungua chupa ya wino. Niliichovya brashi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Akasema, "Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa mtu wa kupasuliwa goti la kulia. Nikaona wamefunika la kulia, la kushoto liko wazi. Nikasema, 'Daktari, goti.' Akasema, 'Ndiyo, sista.' Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshasema. Akakata."

"Akakata?"

"Ngozi tu, ndipo akaona. Yule mtu alipoamka hakuna aliyemwambia goti ni goti." Akanyoosha kitambaa cha trei ambacho hakikuwa na mkunjo. "Tangu siku hiyo nilikuwa nasema mara tatu, na mara ya tatu naweka mkono wangu juu ya kisu. Kwako nilisema mara moja. Nilijiambia, hapa mimi ni mgeni, nisije nikaonekana natawala."

Nikaifunga chupa ya wino. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa yale ya simu. Akasema, "Inuka, utaweka magoti kwenye vumbi halafu utapeleka kwenye ubao."

18 Novemba

Ubao umetoka chini ya godoro. Sawa kabisa, haujapinda hata unywele. Nimeandika K kubwa kwenye kona ya karatasi, nayo inasomeka sawa. Mama akanisomesha kwa sauti: Shangazi anatazama wapi? Dirishani. Anatazama wapi? Dirishani. Mara ya tatu aliweka mkono wake juu ya mkono wangu wenye kalamu, nikajibu, dirishani, ndipo akauachia.

Visu tisa. Tisa.

20 Novemba

Pua. Kisu kimoja kimevunjika ncha, kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Nilitaka kuendelea. Mama alikitafuta nusu saa kwa sumaku mpaka akakipata kwenye ufa wa meza. "Hatufungi mgonjwa kabla hesabu haijatimia." Kingekuwa kimelala chini ya kiganja changu.

24 Novemba

Sikio. Siku tatu safari hii. Mama alisema kitu nikiwa katikati ya mpasuko, mdomo wangu ukaanza kutoa lile jibu lake la mazoea. Nikaweka kisu chini. "Sikukusikia vizuri, mama. Sema tena." Alikuwa anasema ana njaa.

28 Novemba

Zimebaki siku kumi na saba. Shingo, bega, ubavu wote, tumbo, miguu miwili, macho, masharubu. Leo niliutazama ule weusi uliobaki, nikakirudisha kisu kwenye trei. Sikuweza kugusa kitu. Nikamwambia mama wazi: naogopa. Sikuwahi kumwambia hivyo hata siku ya harusi.

Hakunibembeleza. Alichukua karatasi kubwa, akakata kidirisha katikati, upana wa kiganja, akaufunika ubao wote ukabaki wazi hapo tu. "Daktari akimwona mtu mzima, na mama yake, na watoto wake, hawezi kukata," akasema. "Tunamfunika, tunamwachia mahali pa leo. Hapa ndipo pa leo."

Nilifanya mahali pa leo.

29 Novemba

Kidirisha kimoja.

30 Novemba

Kimoja na nusu! Mama ameniruhusu kunywa chai mchana, jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

2 Desemba

Dari. Tone moja, kubwa, tap, juu ya bega la Shangazi, hapo hapo nilipomaliza jana. Mkono wangu uliruka na kitambaa kufuta, na mama akaudaka kifundoni. Ana miaka sabini na mbili na alinishika kama mlango wa gari. "Usiguse. Ukifuta unausambaza. Acha likauke lenyewe." Tukasimama hivyo, kanishika mkono, tunatazama tone. Nilihisi kila pumzi yake. Lilichukua dakika arobaini. Limeacha duara hafifu, na kesho nitalipitishia unyoya juu yake.

Meza imehamishwa. Mama anasema safari hii ndiyo anataka meza ihamishwe. Tulicheka mpaka nikatoka nje nisije nikautemea ubao.

6 Desemba

Nimempigia mzee kuuliza asubuhi jicho la Shangazi huwa na mwanga kiasi gani, na kama mwenyewe hajambo. Akakaa kimya kidogo, simu zao zina matatizo wakati wa mvua. "Hajambo," akasema. "Jicho liwe angavu, fundi. Wewe endelea."

Ubavu umekwisha.

9 Desemba

Miguu. Visu sita tu ndivyo vikali.

10 Desemba

Masharubu. Kila moja ni mkwaruzo mmoja mrefu, huwezi kurudia wala kusimama njiani. Nilifanya kumi na moja. Kabla ya kila moja mama alikuwa anashusha pumzi pamoja nami, naamini hajijui.

12 Desemba

Jicho. Saa tisa na robo alasiri, kwa saa ya mama, nilitoa kinukta cheupe cha mwisho, Shangazi akanitazama. Nikaweka kisu kwenye umbo lake kwenye trei. Visu tisa, sindano nne, brashi mbili. Mama akasema, "Hesabu imetimia, unaweza kufunga." Kisha akaenda chumbani kwake akalala na viatu vyake.

13 Desemba

Mzee alikuja saa nne asubuhi, amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Mvua imekatika tangu juzi. Nilikuwa nimeuweka ubao kwenye stendi katikati ya chumba, unaelekea mlango, ili akiingia tu akutane naye. Nilikuwa nimesimama kando, najiambia usiseme kitu, usijitetee, mwache aone.

Hakuja moja kwa moja. Alisimama mlangoni akavua kofia. Kisha akapita pembeni, akiambaa na ukuta, akazunguka hadi upande wa dirisha, na kutoka huko ndipo akaanza kusogea, polepole, mkono mmoja ameushusha mbele yake. Nilidhani anakwepa mwanga. Alipofika mbele ya jicho la Shangazi akasimama.

"Ni mimi," akamwambia.

Alitazama sikio muda mrefu. Alihesabu kitu kwenye bega kwa kidole, hewani, bila kugusa. Mwishowe nikashindwa kujizuia. "Mbona umezunguka, mzee?"

"Jicho lake la kulia halikuwa likiona, mwaka wa saba huu," akasema bila kugeuka. "Ukimjia kwa kule hakuoni, anashtuka, anajificha kutwa nzima. Kwa hiyo siku zote nilimjia kwa huku. Ndiyo maana nilikupa picha ile."

Siku ishirini na tano nilimchora akimtazama mtu huyu kwa jicho lisilomwona, na nilikaribia kumfungia kwenye karatasi na kumpa aende naye nyumbani. Mama hakunitazama. Angenitazama ningelia.

"Na yeye mwenyewe hajambo, baba?" mama akamwuliza.

Mzee akakaa kwenye kiti alichowekewa. Akaivaa kofia, akaivua tena.

"Alikufa tarehe thelathini mwezi uliopita, mama. Alfajiri, kabla sijafika." Akanigeukia. "Uliponipigia nilikudanganya, fundi. Unisamehe. Niliogopa ukijua mkono wako utamchora marehemu. Mimi nilimtaka huyu, anayeniona nikija."

Nje mtu alikuwa anasukuma maji ya uani kwa ufagio.

"Naomba nikae naye kidogo," akasema.

"Kaa, baba," mama akamwambia. "Kaa utakavyo."

Akabeba trei ya visu, mimi nikabeba viatu vyangu mkononi ili nisipige kelele, tukatoka na kumwachia chumba.